Sauti Wasizozisikia Wengine

Anayetafuta Kiswahili cha halusinesheni hukutana mapema na neno maruweruwe. Ni neno zuri, ila limeegemea macho: mwenye maruweruwe tunamwazia akiona visivyopo. Lakini wenye saikosisi, yaani hali ya kupoteza mguso na uhalisia, hasa skizofrenia, husikia zaidi kuliko kuona. Kwa hiyo nashikilia maneno mepesi ambayo hata mgonjwa ataelewa akihojiwa: kusikia sauti wasizozisikia wengine.

Maneno hayo yanatosheleza fasili ya daktari Mfaransa Esquirol, wa karne ya 19: hisi inayokuja bila kitu cha nje cha kuiamsha. Feni ikilia ukadhani umeitwa, hiyo si halusinesheni. Feni ipo, sikio limekosea. Mwenye kusikia sauti hahitaji feni. Na anasikia kweli, hajifanyi. Sauti inaweza kuwa ya kike au ya kiume, yenye lafudhi anayoitambua, ikitoka nyuma ya bega au katikati ya kichwa. Picha za ubongo zimeonyesha sehemu zinazohusika na usemi zikifanya kazi wakati sauti zinasikika. Kumwambia "hakuna kitu, acha kuwaza" ni kukana anachokisikia.

Istilahi hii ya kusikia sauti isifungwe kwenye ugonjwa mmoja. Katika skizofrenia, mtu anaweza kusikia wawili wakimjadili na kusimulia kila afanyalo: "Huyo anainuka. Sasa anafunga mlango." Mjerumani Kurt Schneider alizipa sauti za namna hiyo uzito mkubwa katika kuutambua ugonjwa huo, ingawa hutokea kwingine pia. Katika sonona kali, sauti mara nyingi hufuata huzuni: "Wewe ni mzigo kwa wanao." Katika mania ya baipola humkweza mgonjwa: ameteuliwa kuokoa taifa. Na wapo wasio na ugonjwa wowote, kama mjane anayesikia marehemu mumewe akimwita kutoka uani.

Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji watu wenye skizofrenia huko San Mateo nchini Marekani, Accra na Chennai. Wamarekani walisimulia zaidi ukatili. Wa Accra, wengi walimsikia Mungu. Wa Chennai, mara nyingi ni jamaa zao, wakiwaagiza hata kazi za nyumbani. Ndiyo maana "unasikia sauti?" ni swali la kwanza tu. Linalofuata ni: ni nani, anasema nini, anakuamuru nini? Akitaja amri ya kujidhuru, asiachwe peke yake.