Mto, Udongo na Ekseli: Usafirishaji wa Mizigo Ngao na Garsen

Kabla ya injini kufika eneo la chini la mto Tana, nchini Kenya, mizigo ya kijiji cha Ngao ilipita majini. Wapokomo, wakazi wa hapo, waliisafirisha kwa mitumbwi, yaani vyombo vilivyochongwa katika gogo moja, na wamisionari Wajerumani wa Neukirchen waliofungua kituo hapo mwaka 1887 waliutegemea mto uo huo. Nao mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19 ili kuunganisha Tana na mto Ozi, uliwafungulia wafanyabiashara njia ya kwenda Kipini, pwani.

Lori lilipokuja lilikuta ardhi ngumu kuizoea. Sehemu kubwa ya delta ya Tana ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kiangazi hukakamaa na kupasuka, na mvua ikinyesha huvimba na kuwa tope linalonata, kiasi kwamba lori lilithaminiwa kwa uwezo wake wa kujinasua kabla ya kuthaminiwa kwa mwendo. Uwezo huo hutoka katika giaboksi, ambayo hubadili mzunguko wa injini kuwa nguvu ya kusokota, na katika difu, mtambo wa katikati ya ekseli unaoyagawia magurudumu nguvu hiyo. Gia ya kwanza ikipunguza mzunguko mara 8, na difu ikaupunguza tena mara 6, nguvu hukua mara 48, ukiacha inayopotea kwa msuguano. Hata hivyo nguvu peke yake haitoshi, kwa kuwa difu ya kawaida huliacha gurudumu lililo kwenye utelezi lizunguke bure huku jingine likitulia. Ndiyo maana ekseli mbili za nyuma zinazosukuma, pamoja na kufuli ya difu inayoyalazimisha magurudumu kuzunguka sawia, ni bora kuliko injini kubwa. Ni kosa la gharama kubwa kununua nguvu-farasi za injini na kusahau ekseli.

Katika mji wa Garsen kulikuwa na kikwazo kingine: kwa miaka mingi, kabla ya daraja, magari yalivuka Tana kwa kivuko kilichovutwa kwa kamba na mikono ya watu.

Lami ilipofika, kipimo cha lori bora kiligeuka. Difu ya gia fupi, yaani inayopunguza mzunguko zaidi na kufaa topeni, huifanya injini izunguke kasi na kula mafuta barabarani, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari huhesabu ekseli: tani 8 kwa ya usukani na tani 18 kwa jozi ya nyuma, hivyo lori la ekseli tatu halipaswi kuzidi tani 26. Lakini lami haikuufukuza mto. Mafuriko ya 1961 na ya 1997 hadi 1998 yaliiharibu delta vibaya, na yale ya Novemba 2023 yaliikata barabara ya Garsen hadi Lamu ilhali imekwisha kutiwa lami. Kwa hiyo anayenunua lori la kazi za Ngao achague ekseli mbili zinazosukuma, zenye kufuli, hata kama zitamgharimu mafuta zaidi kwenye barabara ya lami ya kwenda Malindi.