Unaeza Pata Digrii ya Komiki na Hip Hop? Hivi Ndivyo Wamarekani Husomea Utamaduni Pendwa

Mwambie mathe unaenda chuo kusomea Beyoncé uone kama hiyo karo haitanunua ng'ombe. Lakini kule Marekani haya ni masomo kamili, yenye mitihani, tasnifu na maprofesa wenye mvi.

Aliyepigania hii kitu sana ni Ray B. Browne, profesa wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Bowling Green State, jimbo la Ohio. Mwaka wa 1967 alianzisha Journal of Popular Culture, na kufikia 1973 akawa na idara nzima. Wasomi wengi walimcheka: kwao Shakespeare ndiye wa darasani, komiki ni za watoto. Browne akashikilia kwamba ukitaka kujua watu wanaishi aje, angalia vitu wanavyopenda. Chuo hicho pia kina maktaba yenye jina lake, imejaa vitu ambavyo maktaba nyingi hazikutaka hata kuguza: komiki, riwaya za mapenzi za bei rahisi, mabango ya movie, majarida yaliyochapishwa na mafans wenyewe. Binafsi hiyo maktaba inanibamba kuliko idara, juu kitu kikishatupwa, hakuna profesa atakisoma.

Sasa darasani wanafanya nini? Si kulala kwa kochi ukicheki series. Chukua hip hop. Tarehe 11 Agosti 1973, mwaka ule ule wa idara ya Browne, dem anaitwa Cindy Campbell aliandaa dunda kwa jengo la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, ndio apate doh ya nguo za shule. DJ alikuwa bro yake Clive, mzaliwa wa Jamaica, yule dunia inamjua kama DJ Kool Herc. Shabiki anaishia hapo. Mwanafunzi bado ana kazi. Barabara ya Cross Bronx iliyopasua mitaa ya watu ilihamisha kina nani, na kwa nini wao? Mbona majengo ya Bronx yalikuwa yanaungua? Zile spika kubwa za Herc zilitoka wapi kama si kwa dunda za mtaani za Kingston? Na nini kilimfanya arudie kipande cha ngoma chenye mdundo tu, akitumia santuri mbili? Hapo umeingia historia, uhamiaji na mipango ya miji. Kukariri mistari ya wasanii hakutakupitisha.

Vyuo vya majina vilifuata. Harvard ilianza Hiphop Archive 2002, na Cornell ikaanza mkusanyiko wake wa hip hop 2007. Halafu kuna zile stori za "digrii ya Taylor Swift". Usiingizwe box: Stephanie Burt alifundisha kozi ya Swift pale Harvard 2024, na Yale ikawa na ya Beyoncé 2025, lakini kila moja ni somo la muhula mmoja tu. Digrii yenyewe mara nyingi huandikwa masomo ya Marekani, ya media, ama ya Wamarekani weusi.

Hata kwetu hii vita ipo. Sheng iliitwa lugha ya wahuni miaka mingi, na 2018 mwanaisimu Chege Githiora akaitolea kitabu kizima. Lakini hebu ingia maktaba ya chuo yoyote Nairobi uulize mixtape za matatu za 2004.