Kliniki ya sheria kwa wapangaji: darasa linaloanzia kwenye kufuli la mwenye nyumba

Mgogoro wa nyumba mjini Juba mara nyingi huanza bila karatasi. Mpangaji na mwenye nyumba hukubaliana kwa mdomo, kodi hutajwa kwa dola, ya miezi kadhaa hulipwa kwa mkupuo, na risiti haiandikwi. Siku mambo yanapoharibika, mpangaji hukuta kufuli jipya mlangoni na vyombo vyake uani. Je, ana haki gani kisheria, na nani atamsaidia kuidai ikiwa hana fedha za wakili?

Jibu moja ambalo Afrika Mashariki imelijaribu kwa zaidi ya nusu karne ni kliniki ya sheria. Hii ni ofisi ya chuo ambamo wanafunzi wa sheria, chini ya usimamizi wa wakili, huwahudumia wateja halisi bila malipo. Jina limeazimwa kutoka kwa madaktari, ambao hujifunza tiba wakiwa kando ya kitanda cha mgonjwa na si vitabuni pekee. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliunda kamati yake ya msaada wa kisheria mwishoni mwa miaka ya 1960. Nairobi ilipata Kituo cha Sheria mwaka 1973. Hicho si cha chuo, lakini migogoro ya ardhi na makazi ya maskini wa mjini imekuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Mjini Kampala, Kituo cha Maendeleo ya Sheria, kinachowaandaa mawakili wa Uganda, kilifungua kliniki mwaka 1998, na kanuni za mwaka 2004 zikawaruhusu wanafunzi wake kusimama mahakamani kuwatetea watu wasio na uwezo, wakili msimamizi akiwapo.

Kwa Sudan Kusini, somo la kwanza limo katika Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, ibara ya 34. Kifungu chake cha kwanza humpa kila raia haki ya kupata makazi yanayofaa. Kifungu cha tatu hakimtaji raia. Kinasema kwamba mtu yeyote asiondolewe katika makazi aliyoyapata kihalali, wala yasibomolewe, isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Tofauti hiyo ya maneno machache ina uzito kwa Wakenya, Waganda na Wakongo wanaoishi Juba, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 haimruhusu mgeni kumiliki ardhi. Anaweza kuikodi tu. Swali linalobaki ni gumu zaidi: je, chumba cha kupanga ni makazi yaliyopatikana kihalali? Mwanafunzi anayemtetea mpangaji atajibu ndiyo, na atalazimika kuthibitisha upangaji wenyewe kabla ya kuzungumzia Katiba.

Katiba hiyohiyo inaonyesha pia kwa nini kliniki inahitajika. Ibara ya 19 inaahidi msaada wa wakili wa serikali kwa mshtakiwa wa kosa kubwa la jinai asiyemudu gharama. Mpangaji aliyefungiwa mlango si mshtakiwa, kwa hiyo ahadi hiyo haimfikii.

Kisha kuna suala la sarafu. Hadi Desemba 2015, kiwango rasmi kilikuwa chini ya pauni 3 za Sudan Kusini kwa dola moja. Mwaka 2024 kilikuwa kimepita pauni 1,000. Mwalimu wa shule ya serikali hulipwa kwa pauni, na mara nyingi mshahara huchelewa kwa miezi, ilhali mwenye nyumba anahesabu kwa dola. Uganda ilijaribu kulitatua tatizo la aina hii kwa Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022: kodi hulipwa kwa shilingi isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine, nyongeza isizidi asilimia 10 kwa mwaka, na mpangaji hafukuzwi bila amri ya mahakama. Sheria hiyo haivuki mpaka wa Nimule. Mpangaji aliyezoea Gulu au Kampala asidhani kwamba inamlinda Gudele. Juba, hoja nyingi hurejea kwenye Sheria ya Mikataba ya mwaka 2008: walikubaliana nini hasa, na nani anaweza kuthibitisha?

Hapo ndipo lugha inapoingia. Kiingereza ndicho lugha rasmi ya kazi serikalini, makubaliano ya nyumba hufanyika kwa Kiarabu cha Juba, na mteja aliyetoka Goma au Kitale anasimulia kwa Kiswahili. Sisi tunaotafsiri habari tunaujua mtego wa neno kodi, linalobeba maana ya malipo ya nyumba na pia ya malipo ya serikali. Mteja akisema "nimelipa kodi yote", mwanafunzi asiandike lolote kabla ya kuuliza alimlipa nani. Neno la Kiarabu, ijar, ndugu wa ijara yetu, halina utata huo, na ni vyema kuliandika kama lilivyotamkwa.

Kazi yenyewe haina fahari. Wanafunzi wawili humsikiliza mteja, mmoja akiuliza na mwingine akiandika. Wanatafuta ujumbe wa simu unaotaja kodi, jirani aliyeona fedha zikihesabiwa, tarehe ya kuhamia, picha ya kufuli. Msimamizi hupitia maelezo hayo kabla barua yoyote haijatoka. Mara nyingi barua moja yenye hesabu sahihi humrudisha mwenye nyumba kwenye mazungumzo. Isipofaulu, hatua inayofuata inaweza kuwa mahakama ya kimila, ambazo Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 inazitambua. Huko mashauri huendeshwa kwa mdomo, na mwanafunzi aliyezoea kunukuu vifungu hulazimika kujifunza kusimulia.

Wapo wateja ambao msimamizi mwangalifu hatamwachia mwanafunzi peke yake. Ikiwa mwenye nyumba ana silaha au cheo, barua kali yaweza kumrudishia mpangaji madhara usiku uleule; uamuzi wa kuituma ni wa mteja, baada ya kuelezwa hatari. Tatizo jingine ni kalenda. Muhula huisha, wanafunzi huondoka, lakini notisi ya siku saba haisubiri. Kwa hiyo kila faili huhitaji ukurasa wa mbele unaoonyesha tarehe inayofuata, nini kimeahidiwa kwa mteja, na jina la atakayelipokea wiki chuo kinapofungwa.