Kasuku Kijivu

Kasuku kijivu (Psittacus erithacus) ni ndege wa misitu ya mvua ya Afrika, anayejulikana duniani kote kwa ustadi wake wa kuiga sauti ya mwanadamu. Linnaeus alimpa jina la kisayansi mwaka 1758, na kufikia wakati huo ndege huyu alikuwa amekwisha kufika Ulaya akiwa tunduni. Umaarufu wake umebaki humo humo tunduni: wengi wamemsikia akisalimia wageni barazani, wachache wamemwona akiruka juu ya msitu.

Ana urefu wa sentimita 33 hivi na uzito unaokaribia nusu kilo. Mwili ni wa kijivu, kila nyoya la kichwa na shingo likiwa na ukingo mweupe; uso ni mtupu na mweupe, mdomo ni mweusi, na mkia mfupi ni mwekundu sana. Wekundu huo hautokani na chakula, kama ilivyo kwa heroe wa maziwa ya magadi. Kasuku hujitengenezea rangi yake mwilini. Kinda huwa na macho meusi, na rangi ya njano huja kadiri anavyokua. Dume na jike ni vigumu kuwatofautisha kwa macho.

Makao yake yanaanzia mashariki mwa Cote d'Ivoire, yanapita Ghana, Nigeria, Kamerun, Gabon na nchi zote mbili za Kongo, hadi Uganda na ukingo wa magharibi wa Kenya, ambako katika msitu wa Kakamega wamebaki wachache mno. Kisiwani Príncipe, kwenye Ghuba ya Guinea, bado wako kwa wingi. Wale wa Liberia, Sierra Leone na jirani zao, walio weusi zaidi na wenye mkia wa rangi ya damu ya mzee, siku hizi huhesabiwa kuwa spishi nyingine, Psittacus timneh.

Chakula chake ni matunda, mbegu na maua, lakini kipenzi chake ni chikichi. Hulishika tunda kwa mguu mmoja, vidole viwili mbele na viwili nyuma, na kulimenya kwa subira. Asubuhi makundi hutawanyika kutafuta riziki, na jioni hurejea kwa kelele kulala pamoja kwenye miti ile ile. Zamani malalo mengine yalikuwa na maelfu ya ndege. Tena hushuka kwenye nyanda wazi za msituni, kama zile za Lobéké kusini-mashariki mwa Kamerun, kula udongo na kunywa maji yenye madini. Hapo chini kila mmoja ana wasiwasi, hivyo hawashuki mpaka wawe wengi.

Sauti nayo ni kazi ya jamii. Huko porini, katika nchi iliyokuwa Zaire, watafiti walirekodi kasuku walioiga milio ya ndege wa spishi nyingine, na hata ya popo. Aliyefungwa peke yake nyumbani huwageuza wenye nyumba kuwa kundi lake, na maneno yao kuwa milio yake. Mmoja aliyefundishwa kwa muda mrefu ni Alex, aliyenunuliwa na mtafiti Irene Pepperberg mwaka 1977 katika duka la Chicago. Hadi alipokufa mwaka 2007 aliweza kutaja vitu, rangi na maumbo, na kuhesabu hadi sita; alipoulizwa kuhusu kitu ambacho hakuwahi kukiona, alijibu kwa kuzingatia rangi au umbo lake. Wanaodai kwamba kasuku hukariri tu wana deni la kueleza aliyoyafanya Alex.

Uzazi ni wa polepole. Jozi hudumu pamoja na hutaga ndani ya tundu la mti mkubwa, kwa kawaida mayai matatu hadi matano. Jike hulalia kwa takriban mwezi mmoja, dume akimlisha, na makinda hukaa tunduni miezi mitatu hivi kabla ya kuruka. Ndege wa aina hii, anayeishi miaka mingi na kuzaa kidogo, hana namna ya kufidia hasara ya ghafla.

Na hasara imekuja. Wawindaji hupaka ulimbo kwenye matawi na makuti, humweka kasuku mwingine kama chambo, na mwito wake huwaleta wenzake; wengine hutegewa nyavu kwenye nyanda za udongo. Kundi zima huweza kunaswa kwa siku moja. Kati ya 1982 na 2001 pekee, zaidi ya kasuku 600,000 waliokamatwa porini waliingia katika biashara ya kimataifa, bila kuhesabu waliokufa njiani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa nchini Ghana wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka huo huo, kikao cha mkataba wa CITES mjini Johannesburg kilipiga kura kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini, na katazo likaanza kutumika Januari 2017. Magendo hayajakoma, hasa kutoka misitu ya Kongo. Wanaookolewa mara nyingi huwa na mabawa yaliyokatwa au kuharibiwa na ulimbo, na haiwezekani kuwaachia mpaka manyoya mapya yaote.

Tatizo la pili ni shoka na msumeno. Miti mirefu yenye matundu, kama Terminalia superba, ndiyo hiyo hiyo inayotafutwa kwa mbao. Kasuku huyu hachukii mashamba wala watu. Asipopata mti mkubwa wa kutagia ndipo anapohama. Ndiyo maana Uganda anaonekana hata Entebbe, kwenye Bustani ya Mimea kando ya ziwa, ambako miti ya zamani haijakatwa.