Regina Jonas, Rabi Aliyesahauliwa

Mwaka 1930, mwanafunzi mmoja wa Berlin aliwakabidhi walimu wake tasnifu ya kurasa zaidi ya 80. Kichwa chake kilikuwa swali: je, mwanamke anaweza kushika wadhifa wa rabi kwa mujibu wa sheria ya Kiyahudi?

Mwanafunzi huyo, Regina Jonas, jibu alikuwa nalo. Anaweza. Wala hakulitoa kwenye siasa za haki za wanawake zilizokuwa zimepamba moto Ujerumani enzi hizo. Alilichimbua ndani ya Torati, Talmudi na maamuzi ya marabi wa kale. Hata suala la sitara, ambalo wapinzani walilitumia kumnyamazisha, alilitumia kuwajibu: yako mambo, alisema, ambayo mwanamke anaweza kuwaambia vijana, lakini mwanamume hawezi kuyasema mimbarini. Kwa maoni yake, kilichomzuia mwanamke kilikuwa chuki na mazoea, si sheria.

Njia rahisi zaidi ilikuwepo: kuziacha sheria zenyewe. Julai 1883 mjini Cincinnati, Marekani, chuo cha Hebrew Union kilipowaaga wahitimu wake wa kwanza, wageni waliandaliwa kombe, kaa, kamba na miguu ya vyura, vyote vikiwa haramu kwa Myahudi. Baadhi yao waliinuka na kuondoka. Miaka miwili baadaye, marabi wa mkondo wa Mageuzi, wenye chuo hicho, walikutana Pittsburgh na kutangaza kwamba sheria za vyakula na mavazi zimepitwa na wakati. Cha ajabu, kwa ujasiri wote huo, chuo hicho kilikaa karibu karne nzima bila kumpa mwanamke urabi.

Jonas hakutaka kufuta kitu. Alizishika sheria, akataka zisomwe upya.

Tasnifu ilisifiwa, lakini profesa aliyekuwa na mamlaka ya kutoa urabi, Eduard Baneth, alifariki mwaka huohuo wa 1930 na aliyemrithi akakataa. Jonas akaendelea kufundisha dini mashuleni. Hatimaye Desemba 1935, Rabi Max Dienemann wa Offenbach alimtahini na kumtawaza. Wakati huo Wanazi walikwishatawala. Kadiri marabi walivyokamatwa au kukimbia, ndivyo mimbari zilivyobaki wazi, naye akazidi kuitwa kuhubiri na kuwaliwaza wagonjwa na wazee.

Novemba 1942 alipelekwa kambi ya Theresienstadt. Huko alimsaidia daktari Viktor Frankl kuwapokea wafungwa waliokuwa wakishushwa kwenye treni wakiwa wamepigwa na bumbuwazi. Imebaki orodha iliyoandikwa kwa mkono ya mihadhara yake 24, mingine ikihusu wanawake wa Biblia na wa Talmudi. Oktoba 1944 alisafirishwa hadi Auschwitz, akauawa.

Frankl alinusurika. Alinusurika pia Leo Baeck, mwalimu wa zamani wa Jonas, aliyekuwa naye kambini humo. Wote wawili waliandika na kuhutubia kwa miaka mingi baadaye bila kumtaja hadharani. Kwa hiyo Sally Priesand alipotawazwa Cincinnati, Juni 1972, na chuo kilekile cha karamu ya kaa na kamba, dunia ilimshangilia kama rabi wa kwanza mwanamke. Nyaraka za Jonas zilikuja kufukuliwa mwaka 1991 na mtafiti Katharina von Kellenbach, katika hifadhi iliyokuwa Berlin Mashariki.

Mkondo mwingine wa Kiyahudi, wa Kihafidhina, ambao haukuwa tayari kuitupa sheria, ulilazimika kupita njia ya Jonas pasipo kujua kwamba yeye alikwishaipita. Kikwazo chao kilikuwa hiki: mwanamke amesamehewa amri nyingi zenye saa maalumu, zikiwemo baadhi ya sala, na asiye na wajibu hawezi kuutekeleza kwa niaba ya mwenye wajibu. Atawaongozaje basi? Msomaji aliyewahi kusikiliza mjadala wa nani anafaa kuwa imamu atautambua mtindo huu wa hoja. Rabi Joel Roth alipendekeza kwamba mwanamke anayejitwika amri hizo kwa hiari, na kuzihesabu kuwa deni la lazima, aweze kutawazwa. Oktoba 1983 walimu wa seminari yao mjini New York walipiga kura, 34 wakiunga mkono na 8 wakipinga. Amy Eilberg alitawazwa mwaka 1985.

Mkondo huohuo umefika hadi Mbale, Uganda, kwa Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alisomea urabi Los Angeles na kutawazwa mwaka 2008. Hata hivyo wenzao wa kijiji cha Putti wameamua kufuata njia ya Kiothodoksi, mkondo wa Kiyahudi unaoshikilia sheria kwa ukali zaidi.

Ndani ya Uothodoksi mabishano bado ni makali. Mwaka 2009 Rabi Avi Weiss wa New York alimpa Sara Hurwitz cheo kipya cha maharat, cha kiongozi wa kiroho na wa sheria. Mwaka 2017, jopo la marabi saba wa Muungano wa Kiothodoksi wa Marekani liliamua kwamba mwanamke asishike kazi ya rabi, ila afundishe Torati na kutoa ushauri. Sinagogi nne ambazo tayari zilikuwa na wanawake wa namna hiyo hazikufukuzwa uanachama.