Wakala wa Bima Aliyejua Kila Mtu Atakufa Vipi

Ijumaa ya tarehe 13 Oktoba 1995, kituo cha televisheni cha Fox nchini Marekani kilirusha sehemu ya nne ya msimu wa tatu wa tamthilia ya The X-Files. Wanaoamini mikosi ya Ijumaa ya tarehe 13 walikuwa na sababu ya kujifungia ndani. Chris Carter, aliyeibuni tamthilia hiyo, alikuwa na sababu ya kusherehekea, kwani siku hiyo alitimiza miaka 39. Sehemu hiyo iliitwa "Clyde Bruckman's Final Repose", na ndani ya muda usiofika saa moja ilifanya jambo ambalo watu wengi hawakulitarajia: iliwachekesha watazamaji kwa habari za kifo, kisha ikawaacha na huzuni ya kweli.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, inafaa kurudi nyuma kidogo. The X-Files ilianza kuonyeshwa tarehe 10 Septemba 1993. Carter alikuwa shabiki wa Kolchak: The Night Stalker, tamthilia ya miaka ya 1974 na 1975 iliyomhusu mwandishi wa habari wa Chicago anayefukuzana na wanyonya damu na mazimwi, huku mhariri wake akikataa kuamini hata neno moja. Kolchak haikuvuka msimu mmoja. Carter alichukua wazo hilo akaliingiza katika ofisi za FBI. Fox Mulder, aliyeigizwa na David Duchovny, anaamini kila kioja. Dana Scully, daktari aliyeigizwa na Gillian Anderson, anataka ushahidi wa kisayansi. Misimu mitano ya kwanza ilirekodiwa Vancouver, Kanada, na mvua na misitu ya huko iliipa tamthilia ule ukungu wake uliozoeleka. Watazamaji walizoea kuogopa, na kama kulikuwa na kicheko basi kilitokana na vijembe vya Mulder.

Aliyeingia kwa mlango wa zimwi

Mwandishi aliyebadili mambo hakuanzia kwenye kalamu. Mnamo Septemba 1994, Darin Morgan alivalishwa vazi zito la mpira akaigiza zimwi liitwalo Flukeman, nusu mtu nusu mnyoo, linaloishi katika mifereji ya majitaka. Kaka yake, Glen Morgan, alikuwa tayari ni mwandishi wa tamthilia hiyo pamoja na mwenzake James Wong. Darin akaombwa naye ajaribu kuandika. Kazi yake ya kwanza kamili, "Humbug", ilirushwa tarehe 31 Machi 1995. Ilikuwa ni habari ya mauaji miongoni mwa wasanii wa maonyesho ya sarakasi huko Florida, na ilikuwa na vichekesho kiasi kwamba haikufanana na chochote kilichoitangulia.

Miezi sita na ushei baadaye akaja na Clyde Bruckman.

Hadithi imewekwa katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota. Kuna muuaji anayewaandama wapiga ramli na wasoma viganja. Polisi wanamwita mtabiri maarufu wa televisheni, Yappi, bwana wa nyusi za kutisha na maneno ya jumla yanayoweza kumfaa mtu yeyote. Anamfukuza Mulder chumbani kwa madai kwamba shaka zake zinavuruga nguvu za utabiri. Mzaha unajieleza: katika jengo zima hakuna aliye tayari kuamini kuliko Mulder. Uhusika huo ulichezwa na Jaap Broeker, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kusimama mahali pa Duchovny wakati mafundi wanapanga taa na kamera.

Mtabiri wa kweli ni mtu mwingine kabisa, naye hataki kazi hiyo. Clyde Bruckman ni mzee mpweke anayeuza bima ya maisha. Karama yake ni moja tu: akikutazama, anaona utakavyokufa. Haoni namba za bahati nasibu, wala jina la muuaji. Hata biashara yake inaharibika, maana anamweleza mteja ajali itakayomuua, na mteja anafunga mkoba na kuondoka. Akienda kutupa takataka za jirani yake kikongwe, anaikuta maiti ya mmoja wa wapiga ramli ndani ya pipa. Hivyo ndivyo anavyoingia mikononi mwa FBI. Mulder anamfurahia kama aliyeokota dhahabu, lakini mzee mwenyewe anaona karaha tupu. Kujua kwake hakujawahi kumwokoa mtu.

Majina yaliyokopwa

Jina la mzee huyo halikuokotwa hewani. Clyde Bruckman wa kweli alizaliwa 1894 na alikuwa mmoja wa mafundi wakubwa wa vichekesho katika enzi ya filamu zisizo na sauti. Alishirikiana na Buster Keaton kuongoza The General, filamu ya mwaka 1926 ambayo leo huhesabiwa miongoni mwa kazi bora za zama zile. Alifanya kazi pia na Harold Lloyd, na Laurel na Hardy. Baadaye ulevi ukamwandama, kazi zikakauka, na vichekesho alivyovitumia upya kutoka filamu za zamani vikawaingiza waajiri wake mahakamani. Mwaka 1955 alijitoa uhai kwa bastola aliyoazima kwa rafiki yake, Keaton.

Morgan aliendelea kukopa. Wapelelezi wa polisi katika hadithi wanaitwa Havez na Cline. Jean Havez na Eddie Cline walikuwa watu wa Keaton, mmoja akimwandikia na mwingine akiongoza naye filamu. Hoteli anakofichwa mzee inaitwa Le Damfino, na Damfino ni jina la boti ya Keaton katika filamu fupi ya 1921.

Anayedhani hayo ni madoido ya mpenzi wa filamu za kale atakosa kiini cha kazi yenyewe. Mafundi wa vichekesho bubu hawakuwa na maneno ya kuchekeshea. Walichokuwa nacho ni mfuatano wa matukio: kitu kidogo kinasukuma kingine, nacho kinasukuma cha tatu, mpaka nyumba nzima inamwangukia mtu, au inamkosa kwa shubiri. Morgan alitambua kwamba ajali ya mauti hujengwa vivyo hivyo. Akachukua ufundi wa akina Bruckman akautia ndani ya tamthilia ya upelelezi, mahali ambapo kwa kawaida akili ya mpelelezi ndiyo inayofungua fumbo.

Ndiyo maana mzee anaeleza kwamba balaa lake lilianza na ajali ya ndege. Tarehe 3 Februari 1959, ndege ndogo ilianguka karibu na Clear Lake, Iowa, ikawaua wanamuziki Buddy Holly, Ritchie Valens na J. P. Richardson, aliyejulikana kama The Big Bopper, pamoja na rubani wao. Walikuwa njiani kwenda kutumbuiza Moorhead, katika jimbo hilohilo la Minnesota. Bruckman anasimulia kwamba Big Bopper alipata kiti kwa kurusha sarafu. Historia ina tofauti kidogo: aliyeshinda kiti kwa sarafu ni Valens, na Richardson, aliyekuwa na mafua, aliachiwa kiti na mwanamuziki mwenzao, Waylon Jennings. Hoja ya mzee haitetereki kwa hilo. Alitaka kujua ni mambo mangapi yalibidi kutokea, katika maisha ya watu wangapi, mpaka uhai wa mtu mmoja ukategemea upande wa sarafu. Wahenga walisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Bruckman alihangaishwa na siku zilizotangulia: nani aliipanda miti hiyo, na mvua ilianza kunyesha lini.

Kilele cha hadithi kinafuata kanuni hiyohiyo. Mzee amekwisha kumwambia Mulder kwamba atakanyaga pai jikoni huku muuaji akiwa nyuma yake, ila anajishughulisha zaidi na ladha ya pai kuliko kisu. Saa inapofika, Mulder anaikanyaga kweli. Kinachomwokoa hakihusiani na utabiri wala upelelezi: Scully amepanda lifti isiyo yake, mlango unafunguka palepale jikoni, naye anafyatua risasi. Kabla ya hapo muuaji, ambaye ni mbeba mizigo wa hoteli, alikuwa amemuuliza Bruckman kwa nini anafanya anayoyafanya. Jibu lilikuwa fupi, kwamba muulizaji ni kichaa muuaji. Jamaa alionekana kutuliwa mzigo.

Scully naye aliuliza atakufaje, akaambiwa hafi. Mashabiki wanaibishania kauli hiyo hadi leo. Mzee mwenyewe, baada ya kumpoteza jirani yake, alijiua kama yule aliyempa jina, akamwachia Scully mbwa wa jirani huyo. Tangazo la Yappi linapotokea kwenye televisheni yake, Scully anaitupia simu.

Kilichofuata

Mnamo Septemba 1996, sehemu hiyo iliwapatia watu wawili tuzo za Emmy: Morgan kwa uandishi bora wa tamthilia, na Peter Boyle, aliyemwigiza Bruckman, kama mwigizaji mgeni bora. Boyle, aliyefahamika kwa Young Frankenstein ya 1974, aliingia wiki hiyohiyo katika Everybody Loves Raymond. Uhusika wake humo ulimfanya ateuliwe kuwania Emmy mara saba bila kushinda hata moja. Alifariki 2006, na Emmy yake pekee ni ile ya muuza bima. Mwongozaji, David Nutter, alifika mbali pia: ndiye aliyeongoza sehemu ya harusi ya damu katika Game of Thrones mwaka 2013. Morgan aliondoka mwisho wa msimu wa tatu, akarudi tamthilia ilipofufuliwa mwaka 2016.

Mwangwi mkubwa zaidi ulisikika kwenye sinema. Filamu ya Final Destination ya mwaka 2000 ilizaliwa kama mswada ambao Jeffrey Reddick aliuandika akiifikiria The X-Files, na walioitengeneza ni James Wong na Glen Morgan, kaka wa Darin. Humo pia kuna kijana anayeona vifo kabla havijatokea, ndege inayoanguka, na mfuatano wa vitu vidogo vinavyoua. Ila katika filamu hiyo mauti yana mpango wake, na anayeusoma mapema anaweza kujaribu kuukwepa. Ni mchezo mzuri, na umezaa filamu nyingi. Darin Morgan hakumpa mtazamaji wake nafasi hiyo. Katika dunia yake hakuna adui wa kumzidi akili, kuna lifti tu inayofunguka au isiyofunguka, na mtabiri hana la kufanya zaidi ya yule asiyejua kitu.