Drama za shule Kenya: nani anaogopwa, mwandishi au mtazamaji?



Sisi tuliosoma sekondari Kenya miaka ya 1980 tunalikumbuka tamasha la drama kwa safari za basi, nyimbo za njiani na ushindani wa shule kwa shule. Tamasha lilianza 1959, enzi ya Mwingereza, na michezo yake ya Kiingereza. Baada ya uhuru Waafrika wakalishika wenyewe, Kiswahili nacho kikapata nafasi. Michezo ni mifupi, inashindanishwa ngazi kwa ngazi hadi taifa, na washindi huigiza mbele ya Rais. Siku hizi filamu fupi nazo zimo.

Mtu atauliza, hivi mchezo wa watoto wa shule una historia gani ya kuandikwa? Mimi naona ndani yake tunajifunza serikali huogopa nini hasa.

Tuanzie nje ya shule, Kamirithu, Limuru, 1977. Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, uliigizwa na wanakijiji wenyewe. Novemba kibali kikafutwa, na mwisho wa Disemba Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi. Lakini 1980 mchezo huohuo ukachapishwa kitabu, maneno yaleyale! Mwaka 1982 ukumbi waliojijengea wanakijiji ukabomolewa. Yaani kusoma peke yako nyumbani ruksa, kukaa pamoja mkatazama ndiyo balaa.

Sasa turudi kwenye tamasha. Mwaka 2013 wasichana wa Butere walipigwa marufuku kuigiza Shackles of Doom, mchezo kuhusu mafuta na ukabila, mpaka Mahakama Kuu ikawaruhusu. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Echoes of War, shule ileile, mwandishi yuleyule, Cleophas Malala, aliyekuwa seneta. Mahakama iliamuru tena waigize. Huko Nakuru mwandishi akakamatwa, mabomu ya machozi yakarushwa, na tarehe 10 Aprili wasichana wakaletwa ukumbini pasipo watazamaji. Wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Walielewa kuwa kuigizia viti vitupu si kuigiza, na kwamba amri ya mahakama ilikuwa imetimizwa kwa jina tu.

Nasi wasomi tuna la kujirekebisha. Tunachambua miswada, wakati michezo mingi ya tamasha haikuchapishwa kamwe. Iliyobaki imo vichwani mwa waliokuwepo: wapi watu walicheka, wapi ukumbi ulinyamaza, mwalimu gani alitazama chini. Hao nao wanazeeka.

Kwa hiyo mwenye kwenda nyumbani likizo ya Aprili, akaketi ukumbini atazame, kisha aandike alichokiona na waliokuwa naye. Na wewe uliyetazama zamani, andika kabla hujasahau: shule, mwaka, lugha, na watu walipokeaje.